Ardhi Tupu

Setilaiti ilipita Jumanne, saa nne na nusu asubuhi,
mawingu yakiwa upande wa Ngong tu,
na mji wote ukalala chali kwenye skrini yangu
kama mgonjwa anayengoja kuambiwa ana nini.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Lakini jicho hili la juu, kilomita mia saba na kitu,
huambiwa kila jambo: haya ni maji, huu msitu,
hii lami, hizi nyasi. Anayeliambia ni mimi,
Mutheu wa ghorofa ya tatu, mwenye chai iliyopoa.

Kanuni ni moja, nilifunzwa na Bwana Ekai:
kitu hujulikana kwa mwanga kinaoukataa.
Jani humeza nyekundu, humeza buluu,
hurudisha kijani kidogo, kwa adabu tu,
kisha ile miali iliyo nje ya nyekundu, tusiyoiona,
huitema yote, kama mtoto na dawa chungu.
Maji hayatemi kitu. Maji hunyamaza.
Kwa hiyo tukizipanga rangi kwa ujanja wetu
Karura inawaka nyekundu kama makaa,
na kilicho hai ndicho kinachofanana na moto.

Makosa nayajua kwa majina, kama majirani.
Vivuli vya maghorofa ya Upper Hill hujiita maziwa
(ya samaki, si ya chai).
Bwawa la Nairobi hujiita shamba,
maana gugumaji limelifunika gubigubi,
na siwezi kulilaumu bwawa.
Kiwanja cha gofu kina afya kuliko mahindi ya mtu yeyote.

Na kuna kutu.
Bati jipya hung'aa hadi likaumiza hesabu.
Bati la miaka kumi na tano, limelowa, limekauka,
limelowa tena, linarudi taratibu kuwa udongo:
chuma kilekile kilicholiwa na hewa,
wekundu uleule niliouchukua sampuli Kabete.
Mikondo miwili kwenye grafu, mmoja juu ya mwingine,
kama mapacha wanaotumia kitambulisho kimoja.
Kompyuta ilipotazama Mukuru, ng'ambo ya reli,
ilisema bila kusita: daraja la sita. Ardhi tupu.

Nikatumwa kuhakiki. Nukta mia moja na kumi na nane.
Kifaa mkononi kikihesabu, mita tisa, mita nne,
kikalia mlangoni pa mtu.

Kwamboka alikuwa akipima mkaa kwa mkebe wa rangi.
Akauliza natafuta nani.
Nikasema natafuta ardhi tupu.
Akatazama huku na huku, kwa heshima,
kama anayenisaidia kutafuta.
"Hapa? Hapa hata pa kuanika soksi hakuna."

Nikamwonyesha ramani. Akaweka kidole cheusi
juu ya mraba wa kahawia, mita kumi kwa kumi,
wenye yeye ndani, wapangaji watano, choo, kuku wa jirani
na mpapai mmoja ambao mwanga wake
ulichanganywa na wa mabati hadi ukapotea.
"Hii ndiyo paa yangu?"
"Ndiyo."
"Inaonekana inavuja?"
"Haionekani."
"Basi andika inavuja. Pembeni mwa kitanda,
na juu ya jiko. Umeandika?"

Nilirudi na sampuli thelathini za kutu,
nikaifunza mashine upya, sita ikawa tano, Makazi.
Usahihi ukapanda, themanini na moja hadi themanini na nne
kwa mia. Bwana Ekai akanunua mandazi.

Jedwali lina safu ya nukta, safu ya daraja, safu ya tarehe.
Safu ya kuvuja halina.
Nimeandika kwa penseli, ukingoni mwa karatasi:
118, pembeni mwa kitanda, juu ya jiko.

Setilaiti itapita tena Jumapili.
Wanasema kutakuwa na mawingu.